Kusoma historia katika chuo kidogo Bukavu: je, mtoto atakula tarehe?

Mpwa wangu amemaliza sekondari. Dipoma yake ya serikali iko mkononi, na Jumapili moja nyuma ya misa familia ilikusanyika Bagira ili kujibu swali moja tu: aandikishwe wapi? Mama yake, dada yangu, anauza vitenge kwenye soko la Kadutu. Kaka ya huyo binti yuko mwaka wa pili wa udaktari. Pesa iliyobaki inatosha minerval ya mtoto mmoja zaidi, na haina nafasi ya kukosea njia.

Tulimuuliza mwenyewe. Akajibu: «Historia.»

Kila mtu alinyamaza. Kisha yaya yetu mkubwa, ambaye amefanya biashara kati ya Bukavu na Uvira maisha yake yote, akacheka na kuuliza: «Historia? Utakula tarehe?» Wote wakacheka, halafu wakanigeukia mimi. Katika familia yetu ni mimi peke yangu niliyesoma historia, miaka mitano, gradua na lisansi, katika chuo kidogo hapa mjini. Niliulizwa nimwambie binti ukweli. Siku ile nilijibu kwa dakika kumi. Haya hapa ni majibu kamili, kwa sababu najua swali hili linaulizwa katika nyumba nyingi Bukavu, Goma, Butembo, Uvira na Kalemie kila wakati matokeo ya Exetat yanapotoka.

Tulikuwa saba

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa wanafunzi saba. Jirani zetu wa usimamizi wa biashara walikuwa wengi hata wengine walifuata masomo wakiwa wamesimama dirishani. Sisi tulikuwa na chumba kimoja chenye benchi nne na bati juu. Mvua ikinyesha kwa nguvu, mwalimu ananyamaza, tunangoja.

Uchache huo una faida na una hasara. Faida ni kwamba huwezi kujificha. Mwalimu anajua jina lako, anajua usiposoma, na anajua hata siku umekuja bila kula. Ukiandika sentensi isiyo na msingi, hakuna wanafunzi mia mbili wa kukuficha: anakuita mbele na kuuliza ulikoitoa. Nimekutana na watu waliosoma katika vyuo vikubwa wakapata dipoma bila profesa kuwahi kusoma ukurasa wao hata mmoja. Kwetu haikuwezekana.

Hasara ni kwamba chuo kidogo hakina watu wake wa kutosha. Masomo mengine yalifundishwa na profesa mgeni kutoka mbali. Anafika Jumatatu, anafundisha asubuhi hadi jioni, na Jumamosi mtihani. Somo la saa 45 linamezwa katika wiki moja. Kuna mwaka tulingoja profesa mmoja kwa miezi mitano. Barabara, ndege na malipo yake vyote vilikuwa na matatizo. Maktaba ilikuwa na kabati tatu, na vitabu vingi vilikuwa vya zamani kuliko sisi. Silabusi tulipiga fotokopi kwa kuchanga.

Kwa nini maprofesa wa historia walikuwa wachache hivyo huku mashariki? Jibu lenyewe ni historia. Mwaka wa 1971 utawala wa Mobutu uliunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi, Lovanium cha Kinshasa, kile cha Lubumbashi na kile cha Kisangani, vikawa chuo kimoja kilichoitwa UNAZA. Fakulti zikagawanywa, na ile ya lugha na historia ikapelekwa Lubumbashi. Mtu wa Kivu aliyetaka kufika mbali katika historia alipaswa kuvuka nusu ya nchi. UNAZA ilivunjwa mwaka wa 1981, lakini alama yake ilibaki. Ndiyo maana vyuo vya ualimu vya hapa kwetu, ISP na vinginevyo, vimebeba kwa miaka mingi mzigo wa kufundisha historia vikiwa na watu wachache.

Si kukariri tarehe

Watu wengi wanadhani mwanafunzi wa historia anakaa akikariri: 1885 Leopold II, 1908 Ubelgiji, 30 Juni 1960 uhuru. Tarehe lazima uzijue, kama vile seremala anavyojua vipimo. Lakini meza haitengenezwi kwa vipimo peke yake.

Somo lililonibadilisha linaitwa uhakiki wa historia. Linafundisha kuuliza maswali machache mbele ya kila habari: nani amesema? Alikuwapo au alisikia? Alisema lini? Alimwambia nani, na alitafuta nini kwa kusema hivyo? Kuna mwingine aliyesema tofauti? Maswali hayo yanaonekana madogo. Jaribu kuyauliza mbele ya audio inayozunguka WhatsApp leo usiku kuhusu kabila fulani, kijiji fulani au mpaka fulani, utaona audio nyingi zinakufa kwenye swali la kwanza.

Huku kwetu jambo hili si mchezo. Katika Kivu zote mbili na Ituri watu wanauana wakitaja historia. «Sisi tulifika kwanza.» «Wao ni wageni.» «Mpaka ulikuwa pale.» Mwanafunzi wa historia anajifunza kwamba mpaka wetu na Rwanda na Uganda uliamuliwa Bruxelles mwaka wa 1910, kwa mapatano kati ya Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza. Mapatano hayo ndiyo yaliyokiacha kisiwa cha Idjwi upande wa Congo. Miaka minne baadaye, vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Wajerumani walikiteka kisiwa hicho, na Wabelgiji wakakirudisha mwaka wa 1916. Wenyeji wa kisiwa hawakuulizwa neno, wala 1910 wala 1914.

Kuhusu Idjwi hiyohiyo, mtafiti Mmarekani David Newbury alikaa akisikiliza wazee wa kisiwa katika miaka ya 1970, na mwaka wa 1991 akatoa kitabu juu ya wafalme na koo. Kitabu hicho kinaonyesha kwamba watu wa kisiwa walitoka pande nyingi za ziwa, na kwamba koo tunazodhani zimekuwapo tangu zamani za zamani zilijengeka na kubadilika pamoja na ufalme wenyewe. Kwa mtu aliyezoea kusikia kwamba ukoo haubadiliki kamwe, somo hilo linamlazimisha kufikiri upya.

Halafu kuna lugha yetu. Niliingia chuoni nikiamini historia imeandikwa kwa Kifaransa peke yake. Mwalimu akatuletea nakala ya maandishi ya mwaka wa 1965 kutoka Lubumbashi, yaliyopigwa kwa mashini kwa Kiswahili cha kwetu. Mwandishi wake ni André Yav, na yanasimulia habari za mji wa Elisabethville kwa macho ya maboi, watu waliofanya kazi ya nyumbani kwa wazungu. Johannes Fabian aliyachapisha mwaka wa 1990, na leo watafiti wa dunia nzima wanayasoma. Watu waliopika na kufua waliandika historia ya mji wao kwa lugha ninayozungumza na mama yangu. Siku ile nilitembea kwa miguu hadi nyumbani, nikiwaza ni mambo mangapi wazee wa avenue yetu wamekufa nayo.

Kazi ya mwisho na kopo la maziwa

Kwa kazi yangu ya mwisho wa gradua, TFC, nilichagua Bagira. Sehemu kubwa ya nyumba za zamani za Bagira ilijengwa katika miaka ya 1950 na OCA, ofisi ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka wa 1952 ili kujenga makao ya Waafrika katika miji. Nilitaka kujua watu wa kwanza waliingiaje humo, walilipa nini, waliishi namna gani na jirani zao.

Mzee mmoja alinipokea vizuri kupita wote. Alikuwa na kumbukumbu tamu na sauti nzuri. Aliniambia kwamba alipewa nyumba yake kabla ya uhuru, na kwamba jirani yake wa chini alikuja nyuma sana, «nyuma ya Schramme». Kwa hiyo, alisema, uwanja ulio kati ya nyumba mbili ulikuwa wake tangu mwanzo. Niliandika yote. Kurasa sita. Niliona nimepata dhahabu.

Mwalimu wangu alirudisha kurasa zile na maneno manne tu pembeni: «Nani mwingine amesema hivyo?» Nilikasirika. Je, mzee wa miaka themanini aseme uongo? Hakunijibu. Alinituma nirudi Bagira nikagonge mlango wa chini.

Pale nilimkuta mama mjane. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaingia chumbani na kutoka na kopo la zamani la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na kitabu kidogo cha malipo ya nyumba cha marehemu mume wake, chenye muhuri wa mwaka wa 1957. Hawakuja nyuma ya Schramme. Walikuwapo tayari miaka kumi kabla yake. Na hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo mzee hakunigusia: kesi ya uwanja ule ilikuwa mahakamani, na mzee alikuwa ameanza kusema kwamba mwanafunzi wa chuo anaandika kitabu kitakachothibitisha maneno yake.

Nilikaa kimya kwenye kiti chake. Kurasa zangu sita, zenye muhuri wa chuo, zilikuwa karibu kumnyang'anya mjane uwanja wake.

Nilirudi kwa mzee. Nilimuuliza kuhusu kitabu chake cha malipo. Alisema kiliungua wakati wa vita vya mwaka wa 1967, wakati mamluki wa Jean Schramme walipoushika mji wa Bukavu kutoka Agosti hadi Novemba na wakaaji wengi wakakimbia. Niliamini hilo, kwa sababu wengine pia walisimulia nyumba zilizoporwa na kuchomwa. Hadi leo sisemi kwamba alidanganya. Alikimbia, akarudi, akakuta jirani naye amerudi nyuma yake. Huenda kichwani mwake kurudi kule kuligeuka kuwa kufika kwa mara ya kwanza. Kumbukumbu ya mtu hufanya hivyo. Niliandika maneno yake, niliandika maneno ya mama, na niliandika kitabu kilichoonekana na muhuri wake. Juu ya uwanja sikutoa hukumu. Hiyo si kazi ya mwanafunzi.

Mzee hakunisalimia tena kwa miaka mingi. Nilipita mbele ya nyumba yake, anageuza uso. Iliniuma. Lakini alipofariki, mtoto wake alikuja kunitafuta. Alitaka nakala ya TFC. Alisema hakuna mahali pengine popote maneno ya baba yake yameandikwa: namna alivyotoka kijijini, mshahara wake wa kwanza, baiskeli yake, ndoa yake. Nakala ya chuo ilikuwa imeharibiwa na maji ya mvua. Nilimpa yangu.

Kuhusu pesa, tuseme ukweli

Yaya yangu hakuuliza upuuzi. Mtoto atakula nini?

Kazi ya kwanza ni ualimu. Katika vyuo vya ualimu, mwanafunzi wa historia anafundishwa pia namna ya kufundisha, na mashule ya sekondari yanahitaji walimu wa historia na elimu ya uraia. Lakini kupata darasa na kupata mshahara ni mambo mawili. Walimu wengi wapya wanaitwa «N.U.», yaani bado hawajaingizwa kwenye orodha ya malipo ya serikali, na wanangoja miaka. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 inahusu shule za msingi za serikali. Kwenye sekondari bado mzazi ndiye anayebeba mwalimu. Na tangu vita vilipofika Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, na mabenki kufungwa milango, hata mwalimu mwenye mshahara amejifunza kuishi bila kuushika.

Wenzangu sita wako wapi? Wawili wanafundisha. Mmoja ni mwandishi wa habari kwenye redio. Mmoja anafanya uchunguzi kwa shirika linalosikiliza wahanga wa vita. Mmoja anauza simenti na anasema historia ilimsaidia kusoma mikataba. Mmoja alikwenda Lubumbashi kuendelea na masomo. Hakuna aliyetajirika. Hakuna aliyekaa bure.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi ni huu. Kwanza, mtoto achague chuo chenye dipoma inayotambuliwa na wizara. Kagua hilo kabla ya kulipa franka moja. Pili, aelewe mfumo mpya wa LMD: lisansi ni miaka mitatu yenye kredi 180, sitini kila mwaka, halafu masteri ni miaka miwili. Kozi zisizofundishwa zitamrudia mwishoni kama deni. Tatu, asome historia pamoja na kitu kingine cha mkono: kompyuta, Kiingereza, kusoma ramani, kuandika ripoti safi. Nne, asingoje maktaba. Pale Lwiro, karibu saa moja kutoka mjini, kituo cha utafiti ambacho kilianza mwaka wa 1947 kwa jina la IRSAC kina maktaba yenye vitabu ambavyo vyuo vyetu havina. Jan Vansina, aliyefundisha dunia kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kuwa ushahidi wa historia, alikuwa mtafiti wa IRSAC. Kazi iliyobadilisha elimu ya historia ya Afrika nzima imepita hapa kwetu, kati ya mashamba ya kinkina na chai.

Karatasi zinaisha, na wazee pia

Sababu ya mwisho haihusu mshahara. Hapa mashariki ushahidi unapotea kwa kasi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimimina moto katikati ya Goma, na nyumba, mashule na ofisi zikafunikwa pamoja na karatasi zake. Vita vya 1996, 1998, 2004 na vya sasa vimepora ofisi moja nyuma ya nyingine. Mimi mwenyewe niliwahi kununua karanga zilizofungwa katika ukurasa wa daftari la ofisi fulani la zamani, wenye majina, umri na vijiji. Nilirudi kwa mama muuzaji kuomba kurasa zingine. Alikuwa amezimaliza siku ile.

Wazee nao wanakwenda. Mtu aliyekuwa na miaka 15 siku ya uhuru, sasa ana 80 au zaidi. Sehemu kubwa ya karatasi za ukoloni iko Ubelgiji, na mtoto wa Bukavu anahitaji viza ili kusoma habari za kijiji chake. Lakini mzee wa avenue yake hahitaji viza. Anahitaji mtu wa kukaa naye, kuuliza vizuri, na kuandika bila kuongeza chumvi.

Nilipomaliza kusema hayo, yaya alikuwa amenyamaza. Kisha akauliza, si kwa kucheka safari hii: «Basi wewe uliyesoma, baba yetu alifika Bagira mwaka gani?»

Nikajibu, nyuma ya zairianisation, kwa hiyo 1974 hivi. Yaya akakataa: alifika kabla ya Mulele, yaani kabla ya 1964. Dada yangu akakataa wote wawili: mama alimwambia kwamba walikuja mwaka wa Schramme, wakakuta nyumba hazina milango. Tulibishana hadi chai ikapoa. Watoto watatu wa baba mmoja, tarehe tatu, na baba hayupo tena wa kuulizwa.

Mpwa wangu hakubishana. Alitoa daftari, akaandika majibu yote matatu, na mbele ya kila moja jina la aliyesema na alikolisikia. Halafu akauliza kama kuna mzee yeyote wa Walungu aliyehamia pamoja na babu yake na ambaye bado yuko hai.

Yuko mmoja, Kadutu. Tutamtembelea Jumamosi. Sehemu ya kwanza ya minerval imelipwa. Nusu yake imetoka mfukoni mwa yaya.